Poda Iliyotoka Kpandroma

Wadogo zangu wa chaki, mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Naandika upesi, kwa sababu kusahau nimeshaanza. Vyeo nitaviruka: nilikuwa nacho kimoja tu, "Ticha", na nilipewa na watoto, si na wizara. Mishahara nayo nitairuka. Kila mwalimu wa Bunia anaweza kujiandikia sura hiyo mwenyewe, na haitamchosha mkono.

Nilianza kufundisha Kiingereza Aveba, kusini mwa Irumu, huku kwetu mashariki mwa Kongo, nikiwa msichana mwenye sketi mpya, kamusi moja, na woga wa kutosha watu watatu. Siku ya kwanza nilionyeshwa darasa langu. Ubao wake ulikuwa umechakaa hadi kuwa mweupe. Ungeandika kwa chaki ungedhani unaandika kwenye maziwa. Aliyenipokea alikuwa Prof Unen, mwalimu wa Kiingereza, Mualur mrefu, mtu wa kucheka mzaha wake kabla hajaumaliza. Mkononi hakushika kitabu. Alishika ndoo.

"Binti yangu, vua viatu," akaniambia. "Leo hatufundishi. Leo tunapika ubao."

Tukaupika kweli. Tulivunja betri kuukuu za redio, tukatoa ule unga mweusi wa ndani, tukausaga pamoja na majani ya matembele, tukausugua ubao mpaka ukarudi kuwa mweusi. Nilitoka pale mikono myeusi hadi viwikoni, sketi mpya imekwisha habari yake, na nikiwa na furaha ya kipumbavu ambayo sijaielewa hadi leo. Nyinyi mnaopaka mbao zenu rangi ya dukani, someni tena hayo mstari kwa mstari, mshukuru.

Kuhusu vitabu vya Kiingereza, Prof Unen alininyooshea mikono mitupu. "Kitabu haiko," akasema. "Lakini soko iko."

Bidhaa nyingi za kwetu zinatoka Uganda, na zote zinaongea Kiingereza: sabuni, kiberiti, biskuti, mafuta ya kujipaka. Yeye aliokota makaratasi yake yote sokoni, akayanyoosha kwa kiganja, akaingia nayo darasani. Watoto wa Aveba walijifunza kusoma Kiingereza kwenye pakiti za biskuti. Siku ambazo biskuti ilikuwa bado ndani, hakuna aliyechelewa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini watoto wake waliokosa masomo miaka mingi hawakimbii somo gumu hivi. Akaniangalia kama niliyeuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Mu Kifaransa, mutoto mwenye alikosa masomo anaona haya, juu benzake banajua. Mu Kiingereza siye bote tunaanzia sifuri. Mutoto wa chefu, sifuri. Mutoto wa mulimaji, sifuri. Mu sifuri hakuna haya!"

Akacheka mpaka akaegemea ubao, na ubao siku hiyo ulikuwa haujakauka. Alifundisha hadi jioni akiwa na mgongo mweusi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Vita nitaviandikia sentensi moja, zaidi ya hapo havistahili: tulikimbia, na nikafika Bunia na kamusi ileile.

Shule iliyonichukua Bunia sitaitaja jina, na mkiitambua, kaeni kimya. Getini ilikuwa na bango kubwa la herufi nyekundu: MIA KWA MIA KILA MWAKA. Maana yake, kila tuliyempeleka kwenye Exetat alifaulu. Kwa mgeni atakayesoma hapa, Exetat ni mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Bila huo hakuna diploma, na bila diploma miaka yako yote ya kukaa benchi haihesabiwi. Matokeo yanafika kwenye simu. Yakiwa mazuri, mtaa mzima unatoka na poda, ile nyeupe ya watoto wachanga, kumwagia aliyefaulu kichwani mpaka abaki macho tu. Ukimwona mtu mweupe pe pe pe anakimbia barabarani Bunia, analia na kucheka pamoja, usiite daktari. Amepata.

Sasa, mia yetu ilikuwa na mapishi yake. Katikati ya mwaka shule ilitoa mtihani wake yenyewe, masomo yote kwa mkupuo mmoja. Aliyekosa alama sitini hakuandikishwa kwa Exetat. Aliambiwa ajitafutie njia, akajiandikishe huko nje kama mtu aliyejisomea mwenyewe. Ukishaondoa kila anayeweza kuanguka, bila shaka hakuna atakayeanguka! Sisi walimu tulinung'unika, lakini manung'uniko ya chumba cha walimu mnayajua, hayavuki mlango.

Ndipo akaja Mumbere, mwalimu wa pili wa Kiingereza, kijana wa mashati yaliyopigwa pasi na viatu vyenye ncha iliyoingia darasani kabla yake. Mungu alimpa vyote isipokuwa uwezo wa kunung'unika kwa sauti ndogo. Tulikuwa wawili tu wa somo hilo, na wenzetu walituita serikali ya upinzani.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, darasa la sita la sekondari, lile la mwisho, lilikuwa na msichana aitwaye Mave. Umri wake ulikuwa umepita kidogo ule wa wenzake, alitoka upande wa Kpandroma, na yeye, mama yake na mdogo wake waliishi kwenye mahema ya waliokimbia. Siku moja nilimwambia asome kwa sauti. Akasoma vizuri, anatiririka. Katikati upepo ukafunua ukurasa wa kitabu chake. Mave akaendelea kusoma ukurasa uliopita, bila kukosea hata neno.

Nikacheka kwa mshangao, maana nilidhani ni uchawi. Kisha nikaona macho yake, nikaacha kucheka, nikamngojea baada ya masomo.

"Ticha, herufi naonaka moja moja," akanong'ona. "Kuziunga ndiyo inanikatala. Tulikimbia nikiwa darasa ya pili. Kufika kwingine, benzangu bamekwisha kujua. Nikaona haya kuuliza. Basi nasikiliza mwenye iko karibu yangu, naweka mu kichwa. Siku ya mtihani naigaka herufi zake, moja moja."

Hebu fikirini! Sekondari nzima ndani ya kichwa, kwa kusikiliza tu. Mimi mwenyewe nasahau sokoni nilichotumwa na tumbo langu. Nilimuuliza maswali ya jiografia kwa mdomo, akayajibu yote. Lakini Exetat haiulizi kwa mdomo. Na mtihani wetu wa shule nao haukuuliza kwa mdomo, na kila mtu alikaa benchi lake, kwa hiyo ulipokuja, Mave alikosa sitini. Yeye na wenzake kumi na mmoja wakafutwa, na nilipowaita mmoja mmoja nikakuta karibu wote ugonjwa wao ni huohuo.

Kesho yake asubuhi mama yake akaja shuleni na mfuko wa plastiki. Mumbere na mimi tulimkuta amekaa mbele ya ofisi ya prefe, yaani mkuu wetu wa shule. Alitoa kopo la poda, akaliweka magotini kama mtoto.

"Ticha, siku tulikimbia Kpandroma nilibeba vitu tatu: sufuria, mudogo wake Mave, na hii. Nilikuwa nimeinunua juu ya Mave, juu ya siku atapata Exetat. Sasa banasema hapana kumuandikisha. Hii poda nitamumwagia nani?"

Mumbere, ambaye hakosi la kusema hata msibani, alinyoosha kola ya shati lake. "Mama Mave, funga kopo vizuri," akasema. "Hii poda itamwagika."

Tukaingia kwa prefe wote wawili. Prefe wetu alikuwa mtu wa hesabu, mnyoofu, mwenye miwani mizito, na alilipenda lile bango kuliko miwani yake.

"Madame, ile bango ndiyo inaleta wazazi," akaniambia. "Siku itasema tisini, bote wataenda kwa jirani. Hawa watoto watafanya nini mu Exetat? Bataanguka."

"Prefe, hawaanguki jiografia," nikamwambia. "Wanaanguka kabla ya kufika mwisho wa swali. Nipe alasiri zao mpaka Exetat."

"Sheria ni sheria! Sitini ni sitini! Mutu wa sekondari hawezi kukosa sitini."

"Mutu wa sekondari?" akauliza Mumbere, mpole kabisa. "Hata prof?"

"Hata prof! Zaidi sana prof!"

"Basi tufanye ule mtihani siye wenyewe."

Nilitamani kumkanyaga mguu kwa furaha. Prefe akaona mtego, lakini mlango ulikuwa wazi na nusu ya walimu walikuwa wamesimama pale wakijifanya wanatafuta chaki. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Samedi," akasema. "Masomo yote. Na mimi niko ndani."

Jumamosi ile, wadogo zangu, ndiyo siku nzuri kuliko zote za kazi yangu. Tulikaa kwenye mabenchi ya wanafunzi, magoti kidevuni. Mumbere, kwa kuwa fikra ilikuwa yake, ndiye aliyesimamia, na alitembea katikati yetu na fimbo akipiga ncha za viatu vyake sakafuni. "Kila mutu na kalamu yake! Hapana kukopia! Prof wa historia, geuza shingo yako, naiona!" Prof wa historia alikuwa anachungulia karatasi ya Masere, sista wetu wa dini, na Masere akaifunika kwa mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu wa michezo aliomba kwenda chooni akakatazwa. Mimi nilifika kwenye maswali ya hesabu nikasalimiana nayo, nikaona hatufahamiani, nikachagua majibu kwa kufuata yaliyopendeza macho. Na kwenye Kiingereza nikahisi pumzi shingoni. Nikageuka. Ni prefe!

"Nilikuwa natazama saa," akanong'ona. Saa ilikuwa mkononi mwake.

Mumbere alitangaza matokeo kama yanavyotangazwa mbele ya wazazi, kwa sauti ya kanisani, akituita mmoja mmoja tusimame. Mimi nilianguka kwa heshima zote, na hesabu yangu ilikuwa sifuri ya mviringo kamili. Prof wa historia alianguka. Mwalimu wa michezo alianguka akiwa bado anataka kwenda chooni. Prefe alipata arobaini na nne. Aliyevuka sitini alikuwa mmoja tu, Masere, ambaye husoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata iliyofungiwa karanga.

"Kufuatana na sheria ya shule yetu," Mumbere akamaliza, "kuanzia lundi, kesho kutwa, masomo yote itafundishwa na Masere peke yake."

Kwanza hakuna aliyecheka. Tulimtazama prefe. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe! Alicheka mpaka miwani ikamdondokea mapajani, na sote tukapasuka naye, Masere akipiga benchi kwa kiganja. Wanafunzi wa bweni walikuja madirishani kuona kilichotuua.

Alipopata pumzi, prefe alinielekezea kidole. Hakuwa anacheka tena. "Madame, baandikishe bote kumi na wawili. Lakini bango ni nyumba yangu. Mia ikishuka, weye mwenyewe utapanda ngazi na brashi, mbele ya bantu bote, utaifuta."

"Nitapanda," nikamwambia. Na kweli niliogopa, maana sikuwa nacheza na bango tu. Mtu angekosa Exetat mara hii, baada ya kupiganiwa hivi, angebaki na aibu mbili badala ya moja.

Kuanzia hapo, kila alasiri tukakaa na wale kumi na wawili. Kifaransa, lugha ya Exetat, tulikificha kwanza. Nilirudi sokoni kama Prof Unen, nikaokota makaratasi, na tukaanzia sifuri kwa Kiingereza, pamoja, bila haya. Waliunga herufi za sabuni. Waliunga za kiberiti. Mumbere aliwafanya wagombane kwa Kiingereza juu ya bei ya biskuti, na mzozo ukawa mkali mpaka mlinzi akaja mbio. Baada ya wiki kadhaa nilichomeka karatasi ya Kifaransa katikati ya makaratasi ya Kiingereza, nikanyamaza. Mave akaisoma yote kabla hajagundua. Alipogundua, aliishika midomo kwa mikono miwili.

Jumapili moja nilienda kuwatembelea kule kwenye mahema. Mama yake alitoa lile kopo kunionyesha kwamba bado liko, na Mave akalichukua, akaanza kusoma maandishi yake ya Kiingereza, polepole, akimfasiria mama.

"Mama, banasema ikae fasi ya kukauka."

"Eh!" mama akasema. "Tulilala mu mvua na hii kopo miezi mingapi! Endelea."

Mave akaligeuza, akasoma chini kabisa. "Mama, hii poda imeshapita wakati. Tangu zamani."

Kopo hilo ndilo lilikuwa andiko la kwanza ambalo mtoto wake aliwahi kumsomea. Mama Mave akalitazama kopo, akamtazama binti yake, akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekwisha kubeba mengi.

"Basi soma mbio!" akasema.

Exetat ikaja, ikapita, na tukaanza kungoja. Siku matokeo yalipotoka nilikuwa nimeshapewa mkono wa kuagwa na nilikuwa mstaafu halali, lakini miguu yangu haikuwa imearifiwa, ikanipeleka shuleni. Uwanja ulijaa wafinalisti, wale wa mwaka wa mwisho, wazazi na simu. Kila simu ikilia watu walikuwa wanaruka. Mumbere alishika simu ya Mave kwa sababu mikono ya Mave ilikataa.

Ikalia. Mumbere akaitazama. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakukutoka kitu.

"Soma!" nikapiga kelele.

Mave akamnyang'anya simu akasoma mwenyewe. Herufi kwa herufi, kisha neno, kisha yote. Alipiga yowe, akaanguka magotini kwenye vumbi lile jekundu. Mimi nikapiga langu, kubwa zaidi, nikaruka, mwanamke wa umri wangu! Mama Mave alikuja mbio kopo limefunguliwa, macho yamejaa machozi, haoni kitu, akatafuta mtu anayepiga kelele zaidi. Akanimwagia mimi. Yote. Poda ya Kpandroma, iliyokimbia vita, iliyolala mvuani, iliyopita muda wake, iliniingia masikioni.

"Mama! Mave ni mimi!" akalia binti yake kutoka chini.

"Eh Mungu wangu!" akasema Mama Mave, akakung'uta kopo, akakuta tupu. Mave akanirukia, akanikumbatia, akajipaka kwangu uso na mikono na kifua mpaka tukagawana. Hivyo ndivyo alivyopata poda yake.

Mchana prefe akatoka na karatasi. Tulipeleka hamsini, wamefaulu arobaini na sita. Nikawatafuta wale wanne kwa macho, na moyo ukaniuma kweli, siwafichi. Wote wanne ni wa kwangu. Niliwashika mikono kabla hawajakimbia, nikawaambia kwangu Nyakasanza kuna baraza na kuna makaratasi ya sabuni tele. Wanakuja hadi leo, kila alasiri, na mmoja anagombana kwa Kiingereza kuliko Mumbere.

Kisha nikaona ngazi. Prefe mwenyewe ndiye aliyeibeba. Nyuma yake Masere na kopo la rangi nyekundu.

"Madame," akasema, "tulikubaliana."

Nikapanda, mweupe kama nilivyokuwa, uwanja mzima unapiga makofi. Prefe alishika ngazi chini. Nikafuta mia, nikaandika tisini na mbili, rangi ikinidondokea kwenye poda. Nilipotazama chini nilimkuta midomo yake inahesabu.

"Mwaka jana, kwa mia, diploma thelathini na nane," akasema polepole. "Mwaka huu, kwa tisini na mbili, arobaini na sita. Madame, miaka yote nafundisha hesabu, hii moja ilinipita." Akaipiga ngazi kofi. "Andika tisini na mbili vizuri. Iandike kubwa!"

Nikaiandika kubwa.

Jioni nilipanda pikipiki kurudi Nyakasanza. Sikuwa nimenawa. Hamkuwahi kuona kitu kama hicho: bibi mzima, mweupe kichwa hadi kiuno, mikono myekundu, anapita katikati ya Bunia. Mtaa mzima ulinipigia vigelegele. Wauza nyanya walisimama. "Félicitations, mama! Umepata! Umepata na ngapi?"

Nilianza kueleza kwamba mimi ni mwalimu, kwamba poda si yangu. Pikipiki ikawa imeshapita. Kwenye kundi la pili sikueleza tena. Nilinyanyua mikono yote miwili, motari, dereva wa pikipiki, akapiga kelele nishike.

"Tisini na mbili!" nikawajibu, hapo na kila kona, hadi sauti ikakauka. "Tisini na mbili!"

Motari alikuwa akinitazama kwenye kioo, kijana mwenye heshima zake. "Mama, na tisini na mbili hiyo," akaniuliza, "utaenda sasa kusoma nini ku université?"

Nikafikiri mpaka tukafika kwangu.

"Kiingereza," nikamwambia. "Huko kila mutu anaanzia sifuri."